Mapipa Manne ya Jengo la Pili

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi Ansgar alivaa suruali yake ya kanisani na kwenda kugombana na ofisi. Wenzake pale kiwanda cha pamba walishamzoea. Wakimwona amechomekea shati na siku si Jumapili, walicheka, "Leo ofisi ya majumba itakoma," kisha wakaendelea kushindilia marobota. Yeye alikatiza uwanja midomo ikimcheza, akiyapanga maneno yake kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa mmoja tu, ugomvi wa jalala. Kiwanda kilikuwa kimewajengea wafanyakazi majengo sita ya ghorofa pembezoni mwa mji wa Shinyanga, kila jengo familia kumi na mbili, na nyuma ya Jengo la Pili, chini kabisa ya dirisha la jiko la Ansgar, palilala taka za miaka minne. Majivu, maganda ya viazi vitamu, matumbo ya samaki, manyoya ya kuku, matambara. Vyote vilimwagwa papo hapo chini, upepo wa kiangazi ukavitawanya, mvua ikija ikavichachusha. Nzi wa pale walikuwa na afya kuliko watoto. Trekta la taka la kiwanda lilipita na tela lake kila Jumatano na Jumamosi, likasimama kwenye nyumba za mabwana wakubwa, likapakia, likaenda zake. Kwenye Jengo la Pili halikusimama. Amri ilikuwa kwamba wapakiaji wanamwaga pipa, hawachoti taka za chini. Na pipa halikuwapo.

Mvua za mwaka juzi, mwaka wa sabini na nane, zilileta kipindupindu, na kipindupindu kilimchukua Salvina, mke wa Ansgar, kwa siku mbili. Asubuhi ya kwanza alilalamika tumbo, jioni ya pili alikuwa amefunikwa shuka. Tangu hapo mtu yeyote aliyempa Ansgar pole alipewa jibu lile lile: "Hakuugua huyu. Aliuawa na watu wenye viti vya kuzunguka."

Sasa, mwezi wa nane wa mwaka wa themanini, lilikuja jambo jingine, na hili lilikuwa na tarehe. Febronia, binti yake wa pekee, aliyeolewa Samuye, alikuwa na mimba. Uchungu wa ya kwanza ulimtesa siku mbili, wakamtoa kijijini kwa mkokoteni wa ng'ombe, na mtoto akafia njiani. Safari hii mkunga wa zahanati alimwambia bila kuficha: ikifika mwanzo wa Novemba uwe mjini, karibu na hospitali, la sivyo usinilaumu. Na mjini hakuwa na ndugu mwingine ila baba yake.

Febronia alikuja kuangalia siku ya Kupalizwa Mbinguni. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya juu, akafungua dirisha la jiko, akatazama chini. Kisha akalifunga taratibu.

"Baba, mimi hapa silali."

"Usiseme hivyo, mwanangu. Nitawaondolea wale mabwana usingizi mpaka walete mapipa."

"Umeanza kuwaondolea usingizi tangu mama hajatoka arobaini. Wanalala. Sitamleta mtoto wangu juu ya taka zilizomuua bibi yake."

"Sasa utazalia wapi?"

"Kwangu. Mungu yupo."

Ansgar alijua "kwangu" maana yake nini. Maana yake ni mkokoteni.

Mapipa yalikuwapo, hilo ndilo jambo lisilosemwa pale ngazini. Yalikuja mwaka wa sabini na sita, wiki ile ile walipohamia: mapipa manne ya bati jeupe, mazito, yana mifuniko na masikio mawili ya kushikia, na kila moja limeandikwa TAKA kwa rangi nyekundu. Manne kwa familia kumi na mbili. Mtu aliyepiga hesabu hiyo lazima alikuwa anaishi peke yake na hali chakula nyumbani. Aliyeitwa kuyapokea ni Ansgar, kwa sababu siku hiyo alikuwa zamu ya usiku na mchana yupo. Akabonyeza dole gumba kwenye daftari la stoo, akayapanga chini ya ngazi.

Mwaka huo ulikuwa wa ukame. Mabomba ya ghorofani yalitoa maji siku mbili, yakakohoa, yakanyamaza. Injinia akaja akasema pampu haina nguvu ya kupandisha, italetwa kubwa, na hiyo kubwa bado ipo njiani hadi leo. Salvina akawa anaamka saa kumi kwenda kupanga foleni ya maji kwenye bomba la getini, debe kichwani, ngazi thelathini na nane. Debe moja likiisha, anashuka tena. Siku ya nne Ansgar alimkuta amekaa katikati ya ngazi, ameshika kiuno, debe pembeni. Alishuka, akachukua pipa moja kati ya yale manne, jipya, halijawahi kuona hata ganda la muhogo, akalipandisha begani hadi jikoni.

"We baba, hilo ni la taka," Salvina alimwambia.

"Limeandikwa tu. Bado halijawa."

Akaligeuza maandishi yatazame ukutani. Likameza madebe saba na nusu. Salvina akawa anateka Jumamosi, Ansgar na yeye wakipokezana, na wiki nzima nyumba ina maji.

Kufika Jumapili mapipa mengine matatu yalikuwa yameondoka. Moja lilipanda kwa Onesmo, mjumbe wa nyumba kumi, naye akatia maji. La pili lilikwenda kwa Mama Sikujua, mwanamke wa Kahama, akahifadhia mchele aliokuwa akiletewa na kaka zake, maana panya wa Jengo la Pili walikuwa hawaogopi gunia. La tatu alilichukua Philomena wa chini, akalivundikia pombe ya mtama. Familia nane zilizochelewa zikanuna, kisha zikaanza kumwaga taka dirishani. Na wale wanne nao wakamwaga dirishani. Wangemwaga wapi?

Kwa miaka minne hakuna aliyeligusa jambo hilo kwa mdomo. Mgeni akija, anachotewa maji kwenye pipa lililogeuziwa ukutani, anakunywa, anashukuru.

*

Ofisi ya majumba ilikuwa chumba kimoja kilichojaa mafaili, na ndani yake alikaa Bwana Afya wa kiwanda, kijana mwembamba wa miwani aitwaye Cornel. Alikuwa mgeni pale, hana hata mwezi mmoja. Aliyemtangulia alikuwa na jibu moja tu, "tutalifikiria," na Ansgar alishazoea kulipokea na kurudi nalo nyumbani akiwa na hasira mpya. Cornel alifanya kitu ambacho mwenzake hakuwahi kukifanya. Aliinuka, akashusha daftari la stoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kwa mapipa."

"Nimeambiwa huwa unakuja." Akafunua kurasa, akalamba kidole, akafunua tena. "Jengo la Pili. Mapipa manne na mifuniko yake. Yametolewa mwezi wa tano, sabini na sita. Aliyepokea…" Akaligeuza daftari. "Dole hili ni lako?"

Ansgar alilitazama lile dole. Wino ulikuwa umefifia, lakini kovu la kisu cha kukatia kamba za marobota lilikuwa palepale, limepita katikati. Alisoma kwa mapadri Ushirombo hadi darasa la pili na kuacha. Kusoma mwandiko wa karani hakuweza, ila dole lake mwenyewe aliweza kulisoma.

"Yaliibwa," akasema.

"Manne yote?"

"Manne yote. Wezi hawachagui."

"Mliripoti wapi?"

"Kwa nani? Kwa yule aliyekuwa amekaa hapo ulipokaa wewe? Yule ukimwambia nyumba inaungua anakwambia andika barua!"

Cornel hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mzee, mapya sina. Bajeti ya mwaka huu imekwisha, na hata kama ningekuwa nayo, stoo hawatoi jipya mpaka waone la zamani, hata liwe limetoboka. Lakini trekta ninalo. Nionyeshe pipa moja tu la Jengo la Pili limesimama chini, na Jumatano trekta litasimama. Nitakuja Jumamosi asubuhi kuangalia. Nikikuta yameibwa kweli, nitaandika yameibwa, na faili hilo nitalifunga, msipate tena."

"Jumamosi."

"Saa tatu."

Kwa mara ya kwanza Ansgar alitoka katika ofisi ile bila kubamiza mlango.

*

Jioni hiyo aliwaita wenye mapipa pale chini ya ngazi. Onesmo alikuja na kitabu chake cha ujumbe kwapani, kama vile ni mkutano wa chama. Philomena alikuja na mwiko mkononi. Mama Sikujua alikaa kwenye ngazi ya tatu, akawatazama kutoka juu kama hakimu.

Ansgar akawaeleza. Akawataja mmoja mmoja na pipa lake, na ilikuwa kama amewavua nguo.

"Kumbe leo tunahesabiana," Mama Sikujua akasema. "Na lako ulishalihesabu, Baba Febronia?"

"Nimeanza na langu. Hukusikia?"

"Nimesikia. Nilitaka lisikike mara mbili."

Philomena akacheka hadi akajifuta machozi kwa kitenge. "Mimi langu nikilishusha, nani atakunywa pombe yenye harufu ya debe la mafuta? Wewe mwenyewe, Onesmo, Jumapili utakwenda wapi?"

"Tusitaniane, jambo hili ni la kiserikali," Onesmo akasema, akikohoa. "Ndugu zangu, tuseme ukweli. Bomba halitoi. Mvua bado. Mtu akishusha pipa lake leo, kesho mke wake anapanga foleni saa kumi. Nani hapa yuko tayari?" Akawazungushia macho. "Basi. Mzee Ansgar amefanya vizuri kusema yameibwa. Na sisi tutasema yameibwa. Mimi ni mjumbe, nitalisema kwa niaba ya wote, halafu kila mtu akapike ugali wake."

"Na jalala?" Ansgar akauliza.

"Jalala ni la kiwanda. Walete mapipa."

Maneno hayo yalikuwa ya Ansgar mwenyewe. Ameyasema kazini, kanisani, msibani, na pale pale chini ya ngazi, miaka miwili. Kuyasikia yakitoka kinywani mwa Onesmo, tena kwa sauti ya mtu aliyeshiba, aliyaona mepesi ajabu.

"Febronia anatakiwa aje Novemba," akasema, karibu kwa kunong'ona.

Mama Sikujua aliacha utani. "Tunajua, baba. Pole. Lakini hata akija, atakunywa nini?"

Wakatawanyika. Walikubaliana: yameibwa.

Siku nne zile hadi Jumamosi Ansgar alikwenda kazini na kurudi, na kila akirudi alikaa kwenye kigoda jikoni, analitazama lile pipa. Hasira zake zilimkimbia. Alijaribu kuziita. Alimwaza injinia wa pampu, akawaza mabwana na tela lao, akamwaza yule aliyehesabu mapipa manne kwa nyumba kumi na mbili. Wote wakaja, wakasimama mbele yake, wote wana makosa. Lakini nyuma yao alisimama mtu mwingine mwenye pipa begani anapanda ngazi, na mtu huyo alikuwa anatabasamu, kwa sababu anampelekea mkewe maji.

Hapo ndipo palipomuuma. Angekuwa amelichukua kwa uroho, kama Onesmo, angejitukana, akaungama kwa padri, yakaisha. Alilichukua kwa kumpenda. Chini pakabaki hapana pipa, taka zikakaa, nzi wakaja, na nzi hawakuuliza nani alimpenda nani. Hata mara moja hakuwahi kuliwaza jambo hili mpaka mwisho. Kila likianza, alikuwa anakimbilia ofisini kupiga kelele.

*

Jumamosi saa tatu kamili Cornel alifika kwa baiskeli, ubao wa kuandikia umefungwa nyuma kwa mpira. Watu walikuwa wamekwisha kusimama uani, hata wale wa familia nane wasio na pipa, kwa maana walitaka kuona wenzao watakavyojinasua.

Onesmo alimpokea kwa mikono miwili. "Karibu, Bwana Afya. Kwa niaba ya wakazi, napenda kusema kwamba tulipatwa na janga la wizi—"

"Lini?"

"Wakati ule."

"Upi?"

"Ule wa… wakati wa vita. Watu wengi walikuwa wanapita."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Cornel akafungua kalamu. "Kwa hiyo naandika manne, yameibwa, wakati wa vita. Wote mnakubali?"

Watu walitazama chini. Philomena alijishughulisha na fundo la kitenge. Cornel akashusha kalamu kwenye karatasi, na Ansgar akasema, "Ngoja."

Alipanda ngazi. Walimsikia jikoni kwake akihamisha maji: kwenye sufuria, kwenye beseni, kwenye ndoo, kisha vyombo vikaisha, na yaliyobaki yakasikika yakimwagika chini ya dirisha kwa mshindo mmoja, na wanawake wote walishika vifua. Madebe mawili hivi, katika mwezi wa tisa! Halafu wakasikia pipa likishuka. Hakulibeba begani, umri wa kulibeba begani ulikuwa umempita. Alilishusha ngazi moja moja, likigonga, na kila likigonga jengo zima liliitika.

Akalisimamisha uani mbele ya baiskeli ya Bwana Afya. Akaligeuza. Rangi nyekundu ilikuwa imekaa vilevile, kwa sababu miaka minne haikuona jua.

"Hili halikuibwa wakati wa vita," Ansgar akasema. Alikuwa anahema. "Nililichukua mimi, wiki ile ile mliyoleta. Dole uliloliona ni langu, na mkono ulioiba ni huo huo. Andika."

Cornel akafunga kalamu.

"Mzee, majengo yote sita ni hivihivi," akasema. "Nikianza kuandika wizi, nitamaliza karatasi za kiwanda. Nilitaka pipa moja tu. Nimeliona."

"Hapana, andika!" Sauti yake ya siku zote ikamrudia ghafla, hata watu wakastuka. "Andika nililiiba, na chini yake uandike kwa nini. Andika bomba la ghorofa ya juu halijatoa maji tangu sabini na sita. Andika mliwapa watu pipa la taka katika nyumba isiyo na pipa la maji, mkadhani watatia nini humo, vumbi? Makosa yangu nimeyashusha kwa ngazi, mmeyaona. Na ninyi mna yenu. Yashusheni."

Cornel akaifungua tena ile kalamu. Akaandika. Aliandika mistari mirefu, akamsomea polepole kwa Kiswahili chepesi, pipa na bomba pamoja, na Ansgar aliitikia kwa kichwa. Akaomba wino, akabonyeza dole.

Mama Sikujua alikuwa ameondoka uani bila kuonekana. Wakamsikia huko ghorofa ya kati akimgombeza mtu, kumbe anajigombeza mwenyewe. Akatoka na pipa la pili tupu, bado lina chembe za mchele kwenye mkunjo wa chini. "Kaka zangu watasema nimerogwa," akasema, akalibwaga kando ya lile la kwanza. "Mchele nimeuacha kitandani. Baba Sikujua atalala na panya."

"Mjumbe?" mtu akauliza.

Onesmo alifungua kitabu chake, akakifunga. "Mimi lazima nishauriane na mama watoto," akasema. Philomena yeye alisema waziwazi kwamba pombe imeshavundikwa na haisikii habari za Bwana Afya; mpaka ikomae. Yakabaki mawili.

*

Trekta lilisimama Jumatano. Mawili yakamwagwa, yakarudishwa chini ya ngazi. Taka za siku zile ziliondoka, lakini jalala lenyewe lilikaa palepale, maana hilo hakuna trekta litakalolichota.

Ansgar akaazima beleshi kiwandani. Kila siku ya trekta aliamka mapema, akachimba jalala, akajaza pipa lake, na trekta likija likapata mawili yaliyojaa. Wapakiaji wakaanza kumwita Meneja. "Meneja, leo umetuwekea nini?" "Nimewawekea mwaka wa sabini na tisa." Na kweli jalala lilikuwa limelala kwa miaka. Juu vumbi na makaratasi, chini yake tope jeusi la mvua, chini zaidi vitu vilivyooza hadi vikasahau vilikuwa nini. Alipofika kwenye tabaka la mvua zile za sabini na nane alisimama kidogo, ameegemea mpini. Halikuwa na alama yoyote. Lilikuwa tope kama jingine. Akalichota.

Wiki ya pili wale wapakiaji walimwonea huruma, au walichoka kumsubiri, wakashuka na mabeleshi yao wakamsaidia, kinyume cha amri. Wiki ya tatu wanaume wawili wa familia zile nane walijiunga. Onesmo alileta pipa lake wiki hiyo, siku ambayo Bwana Afya alipita, akalikabidhi kwa hotuba. Philomena hakulileta. Mwezi wa kumi ukiwa unaisha, chini ya dirisha palikuwa na udongo mweupe, umekwanguliwa, na kuku wanatembea juu yake wakishangaa.

Maji Ansgar alikuwa anateka mwenyewe, debe kwa debe. Katika ngazi ya ishirini na tano hivi, alikuwa anapumzika mahali alipomkuta Salvina amekaa. Hakuwa anafanya makusudi. Ndipo pumzi inapokwisha.

*

Jumapili ya mwisho ya Oktoba alipanda baiskeli baada ya misa ya kwanza, akaenda Samuye. Alimkuta Febronia chini ya ukuta wenye kivuli, ameketi mkekani, tumbo limefika magotini, anapepeta dengu.

"Shikamoo, baba. Mbona umekonda?"

"Marahaba. Jalala limekwisha."

Febronia aliacha kupepeta. "Wameleta mapipa?"

Angeweza kusema ndiyo. Njia nzima, mchanga ukimvuta magurudumu, lile "ndiyo" lilikuwa limekaa ulimini tayari. Angesema ndiyo, nimewashinda, na binti yake angekuja, na yeye angekuwa baba aliyepigana na mabwana akashinda. Alikaa chini mkekani, viatu vikiwa miguuni, jambo ambalo Salvina asingelikubali.

"Hawakuleta," akasema. "Yalikuwapo. Moja lilikuwa kwangu."

Akamweleza yote. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, mara pampu, mara dole gumba, lakini hakumficha kitu. Alipomfikia Salvina, akasema: "Ningeliacha chini, mama yako labda angekuwa hapa anakupikia uji. Sijui. Nimekuwa nikiwatukana watu miaka miwili kwa jambo ambalo nusu yake ni langu. Ukikataa kuja, sitakulaumu. Lakini usikatae kwa sababu ya jalala. Jalala halipo. Kama ni kukataa, nikatae mimi."

Febronia hakulia, wala hakumpa pole. Alichukua ungo, akapepeta mara mbili tatu, makapi yakaruka, dengu zikabaki. Alikuwa na uso wa mama yake anapohesabu jambo.

"Lile pipa," akasema mwishowe, bila kumtazama, "mama alikuwa analisifu kwa kila mtu. Alikuja hapa nilipoolewa, akawaambia mawifi zangu, mume wangu ameniletea kisima jikoni. Mpaka nikaona aibu." Akaokota jiwe moja kwenye dengu, akalitupa. "Nilikuwa najua ni la taka, baba. Niligonga kichwa ukutani nikitafuta kijiko kilichoangukia nyuma yake. Nilisoma."

"Na hukusema?"

"Nilikunywa."

Mume wake, Marcel, alikuwa akipita na ng'ombe kwa mbali, akainua mkono, mkwewe naye akainua wake.

"Nina hasira na wewe," Febronia akasema. "Sijui zitakwisha lini. Nisikudanganye."

"Usinidanganye."

"Nikija nitakuja nazo."

"Njoo nazo."

Akaweka ungo pembeni, akajivuta kwa shida hadi akaegemea ukuta. "Sasa maji mnaweka kwenye nini?"

"Madebe. Matatu. Na beseni."

"Madebe matatu kwa mwanamke aliyejifungua!" Akageuka kuelekea zizini, akaita kwa sauti kali iliyowashtua kuku: "Baba Mtarajiwa! We Marcel! Ile mitungi miwili ya mama yako, ya kule ghalani, itoe uioshe. Alhamisi lori la pamba likipita, tunakwenda nayo."

"Usibebe kitu kizito," Ansgar akasema.

"Nani kasema nitabeba mimi? Ngazi ni ngapi pale kwako?"

"Thelathini na nane."

"Basi utazipanda wewe," Febronia akasema, akaurudisha ungo mapajani.